Impundu za Cyamudongo

Jumatatu, 7 Julai 2003

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena ili nilione vizuri: mke wa Wenceslas. Leo nimeamka nikamkuta bado yupo. Kila asubuhi nashangaa vilevile. Analala mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayengoja kijiko cha uji. Nikamtazama mpaka akaamka. Akauliza kama kuna moto. Hakuna moto, mpenzi. Ni mimi tu.

Nyumba yetu hapa Gihundwe ni ndogo, lakini dirisha la chumbani linaona ziwa, ukisimama juu ya kitanda. Nasimama mara nyingi.

Furaha yangu ina tundu moja. Siku ya harusi, nilipoingia uani kwa wakwe zangu kule Giheke, mama mkwe hakupiga vigelegele. Hapa wanaviita impundu. Mama wa bwana harusi ndiye anayeanza, wengine wanamfuata. Mabukwe wangu huyo, Nyiramahoro, akafungua kinywa. Watu wote tukangoja. Akakifunga. Basi! Mwanamke mmoja akajaribu kidogo kule nyuma, akaacha. Nikaingia kwa mume wangu kimyakimya, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Upande wangu hakukuwa na wa kuniokoa. Mama yangu ni Mushi, kabila la Kongo, yuko Bukavu ng'ambo ya mto, na asubuhi ile daraja lilifungwa kwa sababu ya risasi zilizosikika kwao. Akabaki ng'ambo na mama wadogo wote, wamevaa sare. Walisimama ukingoni wakanipigia vigelegele kutoka huko huko. Upepo ukala vyote.

Kwa nini mabukwe alifunga kinywa? Kwa sababu nimekulia Kongo? Kwa sababu Kinyarwanda changu kinachechemea? Wenceslas anasema labda alichoka. Maman huyu hachoki! Nimemwona akipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku akigombana na mtu wa bondeni.

Bila impundu zake sijaingia ukoo huu. Nimeingia nyumba tu.

Juu ya hayo, jirani yangu Honorine amenionyesha tena ile picha yake ya lune de miel, fungate yao. Gisenyi, mchangani, miwani ya jua. Akauliza mimi nitapelekwa wapi. Nikamwambia mipango iko mbali. Akasema ndiyo, anaona, iko mbali mpaka haionekani.

Nitapanga kitu!

Jumatano, 9 Julai

Mungu anapitia hata kwenye duka la fotokopi! Nilikuwa kazini Kamembe, umeme umekatika, mashine imekufa na karatasi tumboni. Mteja wangu akakaa kungoja. Anaitwa Nsabimana, mzaliwa wa Bugarama, Kiswahili chake ni kama chetu cha Bukavu. Kazi yake ni kulinda msitu wa Cyamudongo, ule mdogo ulio peke yake juu ya milima ya Nyakabuye. Akasema Wazungu wanapanda ndege, wanalala angani, ili waje nchi ya joto kuona miti kama ile, na sisi tunaipa mgongo.

Nikauliza kuna nini cha kuona huko zaidi ya miti.

"Impundu, Maman! Ukifika mapema, bakiamuka, bakianza kupiga kelele, unabasikia mupaka ndani ya kifua."

Nikashika mashine nisianguke. Impundu! Alfajiri! Msituni!

Nikauliza kama wanampigia mtu yeyote. Akasema hawachagui, ila kuna siku wanakataa kabisa. Akasema unawasikia kabla ya kuwaona. Nikauliza kama wamewazoea maharusi. Akanitazama kidogo, akasema wameanza kuzoea watu, polepole. Wakati wa vita walikuwa wakiona muntu wanakimbia. Maskini! Nani hakukimbia?

Nimeelewa. Ni kikundi cha kina mama wanaokaa kando ya msitu, na kazi yao ni impundu. Nchi hii ina mambo mazuri, hawayatangazi tu.

Mpango ukanijia mzima mzima, na umeme ukarudi saa hiyo hiyo. Nitampeleka mabukwe! Awasikie wanawake wasionijua hata jina wakinipigia impundu, aone aibu mpaka unyayoni. Na hapo hapo nitakuwa nimepata lune de miel, kwenye miti, kwenye ndege, kwenye umande, mkono wangu ndani ya mkono wa Wenceslas. Gisenyi ni nini? Mchanga!

Nimemwambia Wenceslas kwamba kuna safari ya kwenda kuona uumbaji wa Mungu, mengine ni siri. Akauliza kama kuna nyoka. Jinsi anavyonijali!

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda Giheke. Njia nzima juu ya moto, pikipiki ya abiria, nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi yangu ya Kinyarwanda. Dereva akadhani nasali, akapunguza mwendo.

Nikamkuta mabukwe anamenya ndizi mbichi. Nikasalimia kwa mikono miwili. Kisha nikamtazama machoni nikasema nataka kumpeleka mahali akasikie IMPUNDU. Neno lile nikalivuta, nikalibonyeza, ili limchome panapostahili.

Akaweka kisu chini. Nikangoja aibu.

Akauliza, zile za Cyamudongo? Nikasema ndizo. Akasema tangu yuko msichana anasikia habari zake kwa mbali tu, na marehemu mume wake aliahidi kumpeleka, ikawa leo, ikawa kesho. Akauliza nani mwingine amealikwa. Nikasema wewe na sisi wawili tu. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na parachichi, akanijazia mfuko mpaka mkanda ukakatika.

Sielewi. Nimemtukana kwa adabu na amenipa parachichi. Au ndivyo wanavyojibu matusi hapa? Nimemuuliza Wenceslas parachichi zina maana gani kwao Giheke. Akasema zina maana kwamba zimeiva.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzima sokoni. Mtu haendi kuimbiwa mikono mitupu. Nimechagua kitenge kizuri cha zawadi kwa kiongozi wa kikundi, kina tausi mkubwa tumboni. Nimeandika pia majina yetu kwenye karatasi, CHRISTELLE na WENCESLAS, kwa herufi kubwa, wayataje katikati ya impundu bila kukosea.

Honorine akanifuma nakunja kitenge. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia naenda msituni, kuna kikundi kitanipigia impundu alfajiri. Akacheka mpaka akaegemea ua.

"Musituni? Nani anaimba kule, nyani?"

Nikamhurumia. Wivu unamla mtu akili.

Jumanne, 15 Julai

Nsabimana amepita kuchukua karatasi zake. Nimemwambia tutafika Jumamosi, watatu. Amefurahi. Akanipa masharti. Tusivae rangi kali. Tusijipake manukato. Tusiwaonyeshe kidole. Tusilete chakula, hasa ndizi. Hasa ndizi! Ni wageni gani hao wanaokwenda kwa watu bila hata ndizi? Lakini zaidi ya yote, akasema, muntu mwenye mafua haingii. Wakiambukizwa, wanakufa.

Ni kweli, mafua yanaharibu sauti. Lakini kufa? Wana vifua vyepesi hao kina mama.

Nikauliza kiongozi wao ni nani. Akasema yuko mmoja mkubwa, wanamwita Mzee. Mwanaume! Nikashangaa, halafu nikafikiri, hata kwaya ya parokia inaongozwa na mwanaume. Nikauliza Mzee anakaa wapi.

"Hana nyumba. Kila jioni anatandika kitanda kipya cha majani, kule juu ya muti."

Nusura nilie dukani. Wakimbizi! Vita vimepita, wengine tumepata mabati, na Mzee wa watu bado analala mtini. Nikauliza kuhusu watoto. Akasema batoto wako wengi, kila mama anabeba wake, baba hajulikani. Hapo nikajipiga ishara ya msalaba. Nikauliza kama padri amewahi kufika. Akasema alifika mmoja, wakamtupia matawi na vitu vingine ambavyo hawezi kumtajia mama.

Nimekaa na jambo hili moyoni. Je, impundu za watu wa namna hiyo zinahesabika mbele ya Mungu? Nimeamua zinahesabika. Sauti ni sauti.

Nikamkabidhi kitenge na karatasi ya majina, awapelekee kabla. Akakigeuza, akamtazama yule tausi. Akauliza, hii nguo ni ya Mzee? Nikasema ndiyo, avae Jumamosi. Nsabimana akakaa chini, akacheka, akajifuta machozi, akasema mimi Maman nina masihara sana, hajawahi kupata mgeni kama mimi. Akanirudishia kitenge, akasema Mzee hapokei nguo. Kiburi cha maskini! Naheshimu.

Ijumaa, 18 Julai

Mafua!

Wenceslas aliyatoa darasani anakofundisha, akanipa. Mafua ya mapenzi, lakini mafua. Pua ni bomba lililovunjika. Nimejifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Nimetafuna tangawizi. Nimenusa kitunguu mpaka nikalia, Wenceslas akaja kunibembeleza akidhani nina huzuni, naye akaanza kulia kwa sababu ya kitunguu. Tukakumbatiana hivyo. Ilikuwa nzuri sana.

Akasema tuahirishe. Kamwe! Pikapu imepatikana, dereva Kalisa amekubali, mabukwe ametuma habari kwamba nguo yake imekwisha kupigwa pasi. Nitabana pumzi. Mtu akitaka kweli, hapigi chafya.

Jumamosi, 19 Julai, jioni

Kichwa changu hakijatulia. Nitaandika kama ilivyotokea.

Tuliondoka kabla jua halijatoka. Mabukwe alikaa mbele na Kalisa, amevaa umushanana wa kijivu, vazi lake la sherehe. Sisi wawili nyuma, ndani ya blanketi moja. Mashamba ya chai yalikuwa meupe kwa ukungu. Nikamwambia Wenceslas mwenyewe ataona. Akasema haoni hata mkono wake. Nilimpenda sana saa ile.

Nsabimana alitupokea mwanzo wa njia ya msituni. Nikajiweka sawa, nikafungua kinywa niseme maneno yangu ya shukrani, nikapiga chafya. Ya pili. Ya tatu ikamfuata nzi ikamkosa.

Nsabimana akarudi nyuma. Akasema mama huyu haingii. Nikamsihi. Nikasema nitasimama mbali, nitaziba mdomo kwa kitenge chenyewe. Akasema bale bakipata mafua bataisha wote, na yeye atajibu nini? Wenceslas akasema basi naye habanduki kwangu. Malaika! Mabukwe akanitazama, akaufungua mkunjo wa umushanana kama mtu anayerudi nyumbani. Huo ndio ungekuwa mwisho wa mpango! Nikawaambia waende. Nikamshika mabukwe bega nikamsukuma. Nenda ukasikie, nikasema.

Wakaingia mitini. Nikabaki ndani ya pikapu. Lune de miel yangu: mimi, kitunguu, na Kalisa anayekoroma.

Jua likapanda. Halafu zikaanza.

Kwanza sauti nzito, hu, hu, hu, kama mtu anayevuta pumzi kwenye mtungi. Nyingine ikaongezeka. Zikapanda, zikakimbizana, zikapasuka zikawa mayowe, na mtu akapiga ngoma, lakini ngoma kama ya mlango. Hizo ndizo impundu? Nimesafiri kwa ajili ya hizo? Nikamtikisa Kalisa, nikamwambia kikundi kimegombana huko, wanauana.

Akasema bila kufungua macho kwamba hapana, ndivyo walivyo sokwe.

Nikauliza sokwe gani.

Akafungua jicho moja. "Impundu, Maman. Kwa Kinyarwanda sokwe ni impundu. Ulidhani umekuja kuona nani?"

Nikatazama mbele. Nikafikiria kitanda cha majani. Nikafikiria watoto wasio na baba. Nikamfikiria padri. Tausi wa kitenge alikuwa ananitazama kutoka magotini, nikamgeuza.

Aibu iliyonishika siwezi kuiandika. Na mabukwe yuko huko ndani, anatazama wanyama, anajiuliza mkamwana wake alitaka kumwambia nini. Sasa hatanipigia impundu mpaka kufa kwangu!

Ndipo nikasikia nyingine.

Nyembamba, ya juu, imezungushwa kwenye ulimi, ndefu mpaka nikasahau kupumua. Huyo hakuwa sokwe. Msitu wote ukanyamaza. Ikaja tena, sasa imara zaidi, na mwisho wake ukapinda juu kama mkia wa mbayuwayu. Kalisa akakaa wima akavua kofia. Mimi nilikuwa nimeshashuka, nimesimama barabarani, sijui nilifunguaje mlango.

Wakatoka. Wenceslas amelowa jasho. Mabukwe ana majani kichwani na anacheka, anashika mbavu. Wenceslas akanieleza: sokwe walipoanza kelele zao, Nsabimana alinong'ona kwa majivuno kwamba hizo ndizo impundu. Mabukwe akasema, hizo? Akasema wanaanzia chini mno, wanakata pumzi katikati, na yule mkubwa anapayuka tu. Akasema hajawahi kusikia kazi mbaya namna hiyo. Na kabla Nsabimana hajamshika, akainua kidevu akawaonyesha inavyopigwa. Sokwe Mzee akaacha matunda yake, akakaa kwenye tawi akamsikiliza. Nsabimana akasema kelele ni marufuku kabisa, halafu akamwomba arudie.

Mabukwe akanijia. Akanishika mikono, na mafua yangu yote. Akasema polepole, neno moja moja, nami nikaelewa kila neno. Siku ya harusi alifungua kinywa. Alitaka. Hakikutoka kitu. Tangu tisini na nne hakitoki kitu. Zamani walikuwa wanakuja kumchukua kutoka vilima vingine, kwamba harusi haijaanza kama Nyiramahoro hajafika, na karibu wote aliowapigia hawapo. Alifikiri impundu zilikwenda nao. Hakumwambia mtu. Wewe tu, akasema, katika nyumba hii yote, ndiye uliyeona nimefunga kinywa, na badala ya kuninunia ukanitafutia dawa. Tena dawa yenyewe ni ya kunitia hasira!

Alidhani nilijua! Alidhani ndiyo maana nilimpeleka!

Nilitakiwa kusema ukweli. Nikapiga chafya.

Tulipofika kwenye chai akamwambia Kalisa asimame. Akanishusha, akanisimamisha mbele yake kando ya barabara, pua nyekundu, kitenge cha tausi begani, akaanza. Mimi! Ni kwa ajili yangu! Wanawake waliokuwa wanachuma chai wakainua vichwa, wakaweka vikapu chini, wakamwitikia, mteremko mmoja, halafu mwingine ng'ambo ya bonde, bila kujua harusi ni ya nani. Wenceslas akalia kwenye mkono wa shati. Mimi pia nililia, ingawa sehemu fulani ilikuwa mafua.

Nimeolewa leo.

Jumanne, 22 Julai

Mafua yamekwisha, nimepata muda wa kufikiri. Kwa kweli ukitazama vizuri, kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Honorine aliuliza kama nyani waliimba. Nikamwambia walianza wao, ikabidi mama mkwe wangu awafundishe.

Na leo mabukwe amekuja mwenyewe kututembelea, na sombe, kisamvu kilichotwangwa, kwenye majani ya mgomba! Amesema sasa ni zamu yake kutupeleka mahali. Kule Bugarama, kwenye kinamasi karibu na mpunga, kuna imisambi. Akasema ziko mbili mbili daima, zinacheza, zinainamiana, na haziachani mpaka kifo. Akatandaza mikono akaipunga juu na chini, kunionyesha upana wake. Hakuna kitu kizuri zaidi kwa maharusi kutazama.

Wenceslas hakuwepo kutafsiri, lakini nani anamhitaji? Umusambi naujua. Nimeununua mwenyewe soko la Kamembe, uko sebuleni, tunaukalia. Umusambi ni mkeka. Bila shaka huko kinamasini ndiko wanakokata mafunjo, wanaifuma miwili miwili, kina mama wanacheza nayo kabla ya kuiuza, na ni imara mpaka kifo. Ndiyo mikeka hiyo! Huu wa kwetu umeshaanza kufumuka.

Sikuuliza kitu. Mtu wa ukoo haulizi ulizi. Nikamwambia mabukwe nitachukua miwili. Akauliza kuipeleka wapi. Nikasema nyumbani, mmoja chumbani, mmoja wa kukalia wageni. Akacheka mpaka akashika mlango, akasema hapana, safari hii hasemi kitu, anataka kuona. Siku hizi ana furaha sana yule mama.

Nimekwisha kumwagiza Kalisa aje na pikapu Jumamosi, na kamba ya kutosha. Tutaifunga vizuri, isije ikapeperuka njiani.